Kimya cha Ukingoni

Iko nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Si kwa woga. Ni kwa sababu jina hilo limekwisha kukodishwa kwa kampuni ya maji ya chupa, na kulitamka bila kibali ni kosa. Msomaji asijitaabishe kuitafuta kwenye ramani. Ramani zake nazo zinafanyiwa marekebisho.

Mji mkuu wa nchi hiyo umejengwa kando ya bahari, na baina ya mji na bahari wazee wa zamani waliacha njia ya miguu, ndefu, iliyosakafiwa mawe, yenye ukuta mfupi upande wa maji na vibaraza vya kukalia upande wa nyumba. Wenyeji walipaita Ukingoni. Kila siku baada ya swala ya alasiri watu wa hali zote walitoka majumbani wakaenda huko kupunga upepo. Hapakuwa na kiingilio wala mlinzi, na kilichouzwa kilikuwa kahawa, karanga na mihogo ya kuchoma. Kwa hiyo, kwa macho ya Wizara ya Mandhari na Mapato, hapakuwa na kitu. Taarifa ya mwaka ya Wizara ilipaeleza mahali hapo kwa maneno matatu: "uwazi usio tija."

Waziri mwenye dhamana, Mheshimiwa Daktari Sururu Makopa, alikuwa mtu wa huruma. Udaktari wake alitunukiwa na chuo alichokifungua yeye mwenyewe, na hakuweza kuona kitu kimelala wazi bila kukionea imani. Akatangaza kwamba Ukingoni patajengwa Kituo cha Bahari: maduka, mikahawa, maegesho ya magari ya ghorofa nne, na ukumbi wa vioo ambamo mwananchi ataitazama bahari pasipo kusumbuliwa nayo.

"Upepo tulio nao," alieleza mbele ya waandishi wa habari, "ni upepo ghafi. Unatoka baharini kama ulivyo. Haujachujwa, haujapoozwa, haijulikani umepita wapi. Nchi zilizoendelea hazipungi upepo ghafi."

Wachache waliocheka walishukuriwa kwa mchango wao, na majina yao yakachukuliwa.

*

Sheria ya nchi ile inataka wananchi waulizwe kabla ya kunyang'anywa. Ni sheria ya kiungwana, na ilikuwa imewasumbua mawaziri wengi. Wataalamu walitumwa ng'ambo kutafuta namna bora ya kuuliza. Wakarudi na masanduku mengi na kikohozi. Suluhisho lilipatikana hapohapo nyumbani, Mwanasheria wa Wizara, Bwana Idarusi Kheri, alipohudhuria harusi ya shemeji yake.

Kila msomaji anaijua desturi hii. Mwali aliyelelewa hajibu akiulizwa kama amemkubali bwana harusi. Huulizwa mara tatu mbele ya mashahidi, naye huinamisha kichwa. Akinyamaza, ameridhia, vigelegele hupigwa na biriani hupakuliwa. Bwana Idarusi, kijiko mkononi, aliona mbele yake mfumo kamili wa utawala.

Ndipo ikatungwa Sheria ya Ridhaa. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba mtu au chombo chochote kikiulizwa jambo lilelile mara tatu hadharani, kisha kikanyamaza kwa muda wa pumzi tatu, kitakuwa kimeridhia, na kwamba ridhaa hiyo, pamoja na sheria yenyewe, haitatenguliwa na mahakama wala chombo kingine. Ilisema pia kwamba kelele si kauli. Anayetaka kukataa sharti akatae kwa utulivu, naye awe ameandikishwa kuwa mwenye haki ya kukataa. Ofisi ya kuandikisha wakataaji ilikuwa bado inatafutiwa jengo.

Maneno "chombo chochote" aliyaongeza Bwana Idarusi mwenyewe, ili zisiponyoke shule, misikiti na vyama vya ushirika. Alijivunia sana maneno hayo. Alikuwa akiyarudia hata kwenye misiba.

*

Kikao cha kuwauliza wananchi kilifanyika Ukingoni kwenyewe, chini ya turubai la Wizara. Watu walifurika hadi wengine wakakaa juu ya ukuta.

Miongoni mwao alikuwako mwanamke mmoja aitwaye Bi Salha binti Feruzi, aliyekuja akimsukuma mumewe katika kiti cha magurudumu. Hakuwa na wa kumwachia. Mume huyo, Bwana Mbaruku Shomvi, kwa miaka mingi alikuwa mtangazaji wa mpira katika redio ya taifa, na sauti yake ilijulikana kuliko wimbo wa taifa, maana iliimbwa kwa hiari. Watu wenye televisheni walikuwa wakizima sauti ya televisheni na kuwasha redio ili wamsikie yeye. Kisha kiharusi kilimpiga upande wa kulia, kikamchukulia mkono, mguu na ulimi.

Daktari alimwambia Bi Salha ampeleke mgonjwa mahali anapopapenda, kwa kuwa ulimi uliolala huamshwa na kile jicho linachokitambua. Bi Salha akawa anamsukuma kila alasiri hadi kwenye ukuta wa Ukingoni, akimgeuza akabili maji. Nyumbani hakutoa hata herufi. Lakini pale ukutani maneno yalianza kumrudia mojamoja, kama kuku warudio bandani jua likipunga. Neno la kwanza lilikuwa "kunguru." Baadaye likaja "meli." Wiki ya kikao chenyewe alikuwa ametamka maneno mawili kwa mpigo, "meli hiyo," na Bi Salha aliyatangaza mtaa mzima kana kwamba mumewe amesoma hutuba.

Mheshimiwa Waziri alisimama akakohoa.

"Wananchi wapenzi. Kuhusu kuboreshwa kwa Ukingoni. Mmeridhika?"

"Hatutakiii!"

"Kajenge kwenu!"

"Bahari kaumba Mungu, maegesho kaumba nani?" Huyo alikuwa Bi Kibibi, jirani na shoga wa Bi Salha, mwanamke ambaye mtaani kwao hata paka walimwogopa.

Waziri akauliza mara ya pili, na mara ya tatu, na kelele zikapanda hadi turubai likatikisika. Bwana Idarusi, aliyekuwa amefumba macho akihesabu pumzi, aliyafumbua, akapitisha kidole juu ya vichwa vya watu, na kidole kikasimama.

"Mheshimiwa, waliopiga kelele ni wengi, na kelele si kauli. Aliyejibu kwa mujibu wa sheria ni mmoja. Yule bwana kwenye kiti."

"Amejibu nini?"

"Amenyamaza, Mheshimiwa."

"Mungu ambariki," alisema Waziri.

Bi Salha alijipenyeza hadi mbele. "Baba, mume wangu hawezi kusema. Ana kiharusi."

"Sheria haiulizi sababu ya kimya, mama," alijibu Bwana Idarusi kwa upole. "Mwali naye huwa na sababu zake."

"Mwali gani mwenye ndevu!" alisema Bi Kibibi, na watu wakacheka. Walikuwa bado wanacheka wakati mradi unatangazwa kuwa umepitishwa kwa kauli moja.

*

Hapa sina budi kueleza tabia ya watu wa mji ule, maana ndiyo iliyowaponza.

Watu wale wakikasirika sana hawapigani. Hususa. Mtu aliyeudhiwa hugeuza uso, haitikii salamu, haonji chakula cha aliyemuudhi hata akifa njaa, na hukaa hivyo mpaka atumiwe watu wa kumbembeleza. Ndoa zimeokolewa kwa kususa. Mirathi imegawanywa upya kwa kususa. Inasemekana sultani mmoja wa zamani alisuswa na wapishi wake akafuta kodi ya nazi. Kwa hiyo baada ya kikao kile wazee, vijana na akina mama walikubaliana, bila hata kukutana, kutumia silaha yao kubwa. Waliisusa Serikali.

Alasiri iliyofuata walikwenda Ukingoni kama kawaida, ila safari hii walivigeuzia visogo vibanda ambavyo Wizara ilikuwa imewajengea wapima ardhi, na hawakusema neno. Waziri alipopita na msafara wake hakuna aliyemwitikia. Alipoleta maji ya chupa ya bure hakuna aliyenyoosha mkono. Wapima ardhi wakapima katikati ya magoti yao, nao wakayasogeza magoti kwa adabu, midomo imefungwa. Maelfu ya watu, ukimya mtupu. Hata watoto wachanga, nadhani, walinyonya taratibu.

Ilikuwa hali ya kutisha, na wale watu walijua kwamba inatisha. Walisubiri kubembelezwa.

Bwana Idarusi alipita kati ya safu zao na kipaza sauti, akiuliza kwa unyenyekevu, "Mmeridhika?" Akaenda upande wa pili. "Mmeridhika?" Akarudi katikati. "Mmeridhika?" Akafumba macho.

Jioni hiyo redio ya taifa ilitangaza ridhaa kubwa kuliko zote zilizopata kutolewa na wananchi katika historia ya bara zima. Wageni waalikwa walitumiwa picha. Watu walipoisikia habari hiyo majumbani mwao walitazamana, na kwa mara ya kwanza walikosa la kusema kweli kweli. Bi Kibibi peke yake alisema, nalo ni neno ambalo bibi zetu walikuwa wakitwambia tulipokisusia chakula: "Ukisusa, wenzio wala."

*

Mabati yalisimamishwa kupazunguka Ukingoni pote. Yalichorwa bahari. Wizara ilieleza kwamba bahari hiyo ilikuwa bora kwa kuwa haikuwa na harufu, haikupwa, na ingeweza kuoshwa.

Bi Salha alimsukuma mumewe hadi kwenye mabati. Alimgeuza akabili meli ya rangi iliyochorwa juu ya mawimbi ya rangi. Bwana Mbaruku aliitazama kwa muda mrefu. Hakusema "meli." Hakusema kitu. Alitokwa na machozi upande wa kushoto, upande ambao ulikuwa bado wake.

Mkewe akafanya hivyo siku nyingine, na nyingine. Maneno yalikatika. Ndipo Bi Salha alipofunga buibui lake akaenda Wizarani kwa Bwana Idarusi.

"Bwana Mwanasheria, sikuja kuzuia mradi," alisema. "Mimi nani? Naomba bati moja litolewe. Moja tu. Kiti kiingie, mume wangu aone maji. Alikuwa anaanza kusema."

Bwana Idarusi alimpa kiti, akamwagizia chai.

"Bi Salha, umekuja wakati mzuri. Tulikuwa tunawatafuta. Bwana Mbaruku ameteuliwa kuwa Mwenyekiti wa Baraza la Ridhaa."

"Baraza gani?"

"La wananchi. Yeye ndiye aliyeridhia kabla ya wote, na ameridhia bila kusitasita. Ni mfano. Tumemwandikisha rasmi. Kwa sasa ndiye raia pekee aliyeandikishwa."

"Mume wangu haridhiki na kitu, baba. Analia. Kila nikimpeleka kwenye yale mabati yenu, analia."

"Machozi ya furaha yanatambulika kisheria."

"Na mwali akilia je, akiulizwa?" Bi Salha aliweka kikombe chini. "Nami niliolewa, Bwana Mwanasheria. Somo wangu aliyenifunda aliniambia: ukinyamaza umekubali, ukilia kwa sauti umekataa. Hilo mliliacha wapi?"

Bwana Idarusi alifikiri. Nitakuwa mkweli: inasemekana alifikiri kwa muda.

"Tuliliacha kwenye harusi, mama," alisema. "Mwenyekiti atakuja kuchukuliwa siku ya ufunguzi. Avae kanzu nyeupe. Na tafadhali, usimpeleke tena kwenye mabati. Watu wameanza kuangalia."

*

Jengo la kwanza kukamilika lilikuwa ule ukumbi wa vioo, na Wizara yenyewe ikahamia humo ili kuwa karibu na mandhari. Siku ya kuufungua, jukwaa liliinuliwa juu sana, kwa sababu wapiga picha walitaka Waziri aonekane na kioo nyuma yake. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu akikaa juu namna ile atakuwa amepita usawa wa mabati.

Bwana Mbaruku alipandishwa na askari wanne, kanzu nyeupe, mkanda wa bendera kifuani. Bi Salha aliachwa chini. Umati ulikuwa mkubwa. Mahudhurio yalikuwa ya hiari na mabasi yalikuwa yamepita kila mtaa kuwachukua wenye hiari. Askari waliwekwa baina ya vyungu vya maua, kila chungu na wake.

Mheshimiwa Waziri alihutubia kwa kirefu. Alisema kwamba mataifa huinuka kwa wenye hekima ya kunyamaza. Alisema kwamba bahari yenyewe, kwa karne zote hizo, haijapata kulalamika. Kisha, kwa kuwa ilikuwa sherehe, akataka ridhaa irudiwe mbele ya mabalozi, kama mtu anavyomtoa mwanawe aimbe mbele ya wageni. Akamwinamia Mwenyekiti.

"Bwana Mbaruku Shomvi. Kwa niaba ya wananchi. Umeridhika?"

Bwana Mbaruku hakumtazama. Alikuwa anatazama juu ya mabati.

"Umeridhika?"

Huko nje, maji yalikuwa yanakupwa na kunguru wawili walikuwa wakigombea kitu kwenye matope. Mdomo wake ulianza kufanya kazi.

"Umeridhika?"

"Maji," alisema Bwana Mbaruku.

Kipaza sauti kilikuwa mbele yake. Walikuwa wamekiweka ili kinase ukimya wake vizuri. Neno lile liliruka likagonga vioo likarudi. Naye akamgeukia Waziri, taratibu, kwa shingo ile iliyokuwa nusu tu inamtii, na kwa sauti ambayo nchi nzima iliitambua, sauti ya mabao na ya dakika za nyongeza, akasema kwa utulivu mkubwa:

"Sitaki."

Sheria, kama nilivyoeleza, ilitaka kukataa kuwe kwa utulivu na kufanywe na mtu aliyeandikishwa. Katika nchi nzima mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja, naye walikuwa wamemwandikisha wao wenyewe. Uso wa Bwana Idarusi ulikuwa kama unga wa muhogo. Lakini Waziri hakupewa udaktari bure. Aliugeukia umati.

"Wananchi wapenzi. Mmeridhika kwamba Mwenyekiti hakusema neno?"

Askari mmoja aliliweka sawa ua lililokuwa limeinama.

"Mmeridhika kwamba hakusema neno?"

"Kasema!" ilipasuka sauti ya Bi Salha kutoka chini. "Kasema, wallahi! Nyote mmemsikia! Kibibi, si umemsikia? Semeni jamani!"

"Kelele si kauli," alinong'ona Bwana Idarusi.

"Mmeridhika?"

Pumzi tatu zikapita. Bi Kibibi, ambaye paka walimwogopa, alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa safu ya nne. Naweza kuthibitisha kwamba hakuna neno lililosemwa na Mwenyekiti siku ile, kwa kuwa niliulizwa kama wengine, nikanyamaza.

Bwana Mbaruku aliteremshwa upande wa nyuma wa jukwaa. Ilitangazwa kwamba ameugua ghafla ugonjwa wa kusema, na kwamba Serikali itabeba gharama zote za kumtibu. Gari lilikuwa na vioo vyeusi. Kiti chake cha magurudumu kilibaki pale juu, na mkanda wa bendera juu yake, mpaka mafundi walipokivunja pamoja na jukwaa.

*

Bi Salha alizunguka hospitali zote za mji. Katika kila moja aliambiwa kwamba hakuna mgonjwa wa jina hilo, na katika mbili aliambiwa hivyo kabla hajataja jina. Ndipo akaenda kwenye ukumbi wa vioo. Walinzi walimzuia kwenye ngazi. Nyuma ya kioo waliketi maofisa wakimtazama, naye akawaona, nao wakamwona.

"Mmeridhika kumrudisha mume wangu?" aliuliza.

Maofisa walikuwa wamekatazwa kumjibu chochote. Kila neno, walielekezwa, lingeweza kutafsiriwa kuwa kukiri. Wakanyamaza.

Bi Kibibi alikuwa amemfuata kwa nyuma. Tangu siku ya ufunguzi walikuwa hawasemezani. Bi Salha alikuwa amemsusa, na safari hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba alikosea. Bi Kibibi alisimama hatua chache kutoka kwa shoga yake, kanga imembana kichwani.

"Salha, usiniitikie, haki yako," alisema. "Ila nisikilize. Hao umewauliza, hawakujibu."

Bi Salha hakugeuka.

"Swali ni lilelile walilokuwa wakituuliza sisi. Na tupo mashahidi. Huyo muuza mihogo, na hao walinzi wao wenyewe. Sheria inasema 'mtu au chombo chochote.' Wizara ni chombo au si chombo?"

Bi Salha aliinua kidole kimoja. Kisha akasema, bado bila kugeuka, "Ni mara moja hiyo."

"Basi kesho tutakuja tena, shoga yangu."

Kesho yake walikuwa watu kumi au zaidi kwenye ngazi. Bi Salha alipandisha sauti kidogo, kwa utulivu, kama mtu anayeagiza nyama buchani. "Mmeridhika kumrudisha mume wangu?" Nyuma ya kioo maofisa wakatazama meza zao. Ila Bwana Idarusi, aliyekuwa akipita na kikombe cha chai, alisimama palepale. Walioshuhudia wanasema midomo yake ilionekana ikihesabu, na kikombe kikaanguka.

Siku ya tatu, kabla ya alasiri, vipaza sauti viliwekwa juu ya paa la ukumbi wa vioo, vikubwa kama masufuria ya karamu. Vikawashwa. Tangu hapo havijazimwa.

*

Hivi ndivyo nchi ile ilivyo leo. Vipaza sauti hupiga nyimbo za kusifu, na baina ya nyimbo hutangaza bei za sabuni, na baina ya matangazo mtu husoma tarakimu kwa sauti ya furaha. Hazihusiani na chochote, zipo tu ili pasiwe na mwanya. Ofisi nyingine za Serikali zimeweka vyake, kwa maana watu wengine nao wana waume, wana watoto, wana viwanja, na habari ya pumzi tatu ilienea haraka. Mji umekuwa mji wa makelele. Watu huongea kwa ishara. Mawaziri hawathubutu kulala bila redio kuwaka kitandani, wasije wakaulizwa jambo usingizini. Bungeni hoja zote sasa hujibiwa kwa makofi yasiyokatika.

Wizara imejaribu kuitengua sheria. Sheria, kwa bahati mbaya, ilitungwa isitenguliwe.

Bi Salha huja Ukingoni kila siku wakati wake uleule wa zamani, baada ya alasiri. Haruhusiwi kupita mabati. Hukaa kwenye ngazi za ukumbi, na mlinzi hamfukuzi, kwa kuwa kumfukuza kunahitaji kumsemesha. Kando yake hukaa Bi Kibibi. Wamepatana, ingawa sina hakika ni lini. Katika kelele zile hakuna aliyesikia. Nyuma yao hukaa watu, na kila wiki wanaongezeka. Hawabebi bango. Hawageuzi visogo tena. Wanavitazama vile vioo.

Waziri amewahi kuulizwa na mgeni mmoja watu wale wanangoja nini. Alijibu kwamba wamekuja kupunga upepo.

Mimi nami hukaa hapo siku hizi, safu ya nne. Na ndivyo nilivyokuwapo alasiri ya juzi, joto limekaza, mtangazaji wa tarakimu amefika mahali fulani katikati ya elfu saba, umeme ulipokatika.

Ni jambo la kawaida katika nchi ile. Jenereta ya Wizara ni mpya, ilizinduliwa kwa utepe. Lakini ule ukimya ulivyoshuka haukuwa wa kawaida. Kwanza tulidhani masikio yetu yameziba. Kisha tukasikia, upande wa pili wa mabati, kitu ambacho tulikuwa tumekisahau: maji yakigonga ukuta.

Bi Salha alikwisha kusimama. Aliinyoosha kanga yake. Nyuma ya kioo maofisa waliinua vichwa, na mmoja wao alijiziba mdomo kwa mkono, sijui kwa nini.

"Mmeridhika kumrudisha mume wangu?"

Pumzi ya kwanza ilipita. Hakuna aliyetikisika ngazini.

Pumzi ya pili ilipita. Ndani ya jengo tulisikia viatu vya mtu anayekimbia kutoka chumba hadi chumba, akiuliza funguo za jenereta ziko kwa nani.

Hakuna aliyemjibu.